Jicho la Muadhini wa Rumana

Imetufikia kwa vinywa vya waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Rumana, kule kwenye milima ya Sham yenye makomamanga mengi, palikuwa na msikiti uliojengwa na bibi mmoja mcha Mungu aitwaye Sitti Durra. Msikiti wenyewe ulikuwa wa kiasi tu, lakini mnara wake ulikuwa mrefu mno, na nyumba za mji zilikuwa zimebanana chini yake. Aliyesimama juu aliona ndani ya kila ua: nani anafua, nani anaogesha mtoto, nani ametandika mkeka akalala bila kujifunika. Kwa sababu hiyo Sitti Durra alipoandika wakfu wake aliweka sharti kwamba muadhini wa mnara ule awe kipofu, na kwamba mwenye macho asipande abadan, isipokuwa fundi wa kuutengeneza, tena baada ya kila nyumba kupigiwa hodi. Najua baadhi yenu mnatabasamu. Wale walikuwa watu wenye haya, na sisi tunaotabasamu ndio tuliopungukiwa.

Zama za kisa hiki muadhini alikuwa Thabit bin Wardan, mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti iliyowafanya wauza mboga waache kubishana. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili kwa miaka tisa. Aliishi na mkewe Rayhana katika chumba cha wakfu nyuma ya msikiti. Hawakujaaliwa mtoto, na hawakuwa na ndugu mjini wa kuwapokea. Chumba kile, mkate wa kila siku, na heshima ya kusalimiwa kwanza njiani, vyote vilitokana na upofu wake. Hilo mliweke akilini.

Mwaka wa tisa alipita tabibu wa macho akiwa safarini. Alimchoma Thabit jicho la kulia kwa sindano ya shaba, kama ilivyokuwa tiba ya wakati ule, akamfunga kitambaa kwa siku saba. Kitambaa kilipofunguliwa Thabit hakuona kitu. Tabibu akasema hiyo ni kadari, akaenda zake. Lakini mwezi mmoja baadaye, Thabit akitawadha, aliyaona maji. Kwanza aliona mng'aro wake, kesho yake akaona vidole vyake ndani ya maji, na kabla wiki haijaisha jicho lile moja lilikuwa linaona sawasawa.

Alipaswa kwenda kwa Kadhi siku ileile. Hakwenda. Alijiambia atakwenda Ijumaa, na Ijumaa ikapita, na nyingine ikapita. Hakumwambia hata Rayhana, kwa sababu alimjua: asingekubali kulala usiku mmoja katika chumba cha wakfu pamoja na uongo. Alichofanya Thabit ni kujifunga kitambaa machoni kila alipopanda mnara, akijipa moyo kwamba asiyetazama ni sawa na asiyeona. Akalitimiza hilo kwa miezi minne, isipokuwa mara moja. Adhuhuri moja upepo ulikivuta kitambaa, na kabla hajafumba jicho alimwona mwanamke katika ua wa nyuma ya msikiti akianika tini kwenye ungo. Alikuwa Rayhana. Hakuwa amemwona kwa miaka tisa, maana chumbani alifumba jicho mbele yake asije akajulikana. Akasahau kufumba, akamtazama mpaka maneno ya adhana yakamkwama kooni, na watu wa chini wakadhani ameshikwa na kikohozi.

Basi katika miezi hiyohiyo Rumana ilipata amiri mpya, jina lake Bahram. Amiri huyu hakuwa mtu wa kelele. Alizungumza polepole, na walioitwa kwake walirudi wamebadilika, au hawakurudi. Watu wawili wa soko la ngozi walichukuliwa mchana mbele ya macho ya wenzao, na hakuna aliyethubutu kuuliza walikopelekwa. Vinyozi waliacha kusimulia habari. Akina mama waliwakataza watoto kulitaja jina la Amiri, hata kwa wema.

Amiri Bahram aliitisha mjadala msikitini. Swali lilikuwa hili: je, msikiti na vilivyo vya msikiti viko chini ya amri ya dola, au amri ya dola hukomea mlangoni? Upande wa dola alisimama Sheikh Najmu, mwanachuoni wa baraza la Amiri, na tusimdhulumu, kwani hakuwa mjinga wala mla rushwa. Alisema kwamba bila askari njia hazipitiki na swala ya Ijumaa haisimami. Kwamba anayeulinda msikiti ana haki ya kuuamuru. Na kwamba viongozi wema wa mwanzo waliongoza swala na jeshi kwa pamoja, hivyo anayetenga dini na utawala anapasua kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekishona. Wengi waliitikia kwa vichwa, na si kwa woga tu.

Upande wa pili alisimama Sheikh Zuhayr, mzee aliyekuwa akisomesha fiqhi uani kwake. Naye alisema kwamba Amiri atiiwe sokoni, barabarani na mpakani, na Amiri mwenyewe ahukumiwe kwa sheria ya Mungu kama mtu mwingine yeyote. Lakini mlinzi aliyewekwa mlangoni hakupewa kwa hilo ruhusa ya kuingia chumbani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Siku dola itakapoivaa dini kama kanzu yake, atakayekataa dhuluma ataambiwa amekufuru."

Watu wakasikia njiwa wakitembea juu ya paa. Amiri akatabasamu, akasema mjadala utamalizika Ijumaa. Tangu saa ile hakuna aliyeonekana akitembea na Sheikh Zuhayr njiani. Ilinong'onwa tu kwamba wakati wa Alasiri mlango wake wa nyuma hufunguliwa, na kuna watu wanaoingia.

Alhamisi, baada ya Adhuhuri, askari wawili walikuja kumchukua Thabit. Karani mmoja wa Amiri alikuwa amemwona siku moja akipita sokoni, akilikwepa ganda la tikiti lililotupwa njiani. Hakuligusa kwa fimbo. Alilikwepa tu, kama mimi na wewe.

Amiri alikuwa ameketi peke yake, mbele yake sinia la matunda. Hakumwuliza Thabit kitu. Alichukua komamanga akalinyoosha kwake bila kusema neno, na mkono wa Thabit ukainuka ukalipokea. Ndipo Thabit alipotambua alichofanya. Wasimulizi wanasema jasho lilimtoka hata komamanga likateleza mkononi, likaanguka, likabingirika hadi ukutani.

"Sitakupiga," akasema Amiri. "Wala sitakufunga. Nitawaambia tu watu wa mji huu kwamba kwa miezi mingi umekuwa ukiwatazama wake zao na binti zao. Baada ya hapo sitahitaji kufanya jambo."

Amiri akaendelea polepole, akasema kwamba hataki kubwa. Ataka kujua nani wanaoingia kwa Zuhayr wakati wa Alasiri. Majina tu, na yaletwe kesho kabla ya khutba.

"Mheshimiwa Amiri," Thabit akasema, "mimi ni mtumishi wa msikiti."

"Na msikiti ni wa nani? Hilo ndilo tunalolijadili. Nawe utanisaidia kulimaliza."

Alasiri ilipoingia, Thabit alipanda ngazi za mnara akiwa ameshika ukuta kwa mikono miwili. Miaka tisa alizipanda akiwa gizani na hakuwahi kuogopa. Leo, mwenye jicho, aliogopa. Akafika juu, na kitambaa bado kilikuwa mkononi, hakijafungwa. Alikuwa amefumba jicho. Kushoto kwake, chini kabisa, ilikuwa nyumba ya Sheikh Zuhayr. Akasikia komeo likivutwa. Akasikia viatu juu ya mawe, mtu mmoja, kisha mwingine. Alichotakiwa kufanya ni kugeuza shingo tu.

Wakati huo woga ulimletea hoja, tena hoja nzuri. Ulimwambia kwamba kumtii kiongozi ni wajibu. Ulimwambia kwamba majina si damu. Ulimwambia kwamba huenda wale ni watu wabaya kweli, na huenda ni wanafunzi tu, na akisema alichokiona atakuwa amewatoa mashakani. Woga ukibanwa huwa mwanachuoni mkubwa, ndugu zangu, utakupatia dalili ya kila jambo. Thabit alisimama pale hadi watu wa chini wakaanza kutazama juu kushangaa kuchelewa kwa adhana. Kisha akajifunga kitambaa, akakaza fundo mpaka likamuumiza, na akaadhini.

Alipoteremka alimkuta Rayhana akichambua dengu. Akaketi mbele yake na kumweleza yote, tangu maji ya udhu mpaka komamanga. Rayhana hakumkatiza. Alipomaliza, mkewe alizisogeza dengu kando.

"Miezi minne nimekushika mkono kuvuka mfereji," akasema.

"Nisamehe."

"Na siku ile adhana ilipokukwama?"

"Nilikuwa nakutazama wewe."

Rayhana akavuta ushungi akajifunika uso. Wasimulizi wamehitilafiana: wapo wanaosema alicheka, na wapo wanaosema alilia. Aliyenisimulia mimi alisema vyote viwili. Kisha akaufunua uso, akasema, "Nimezeeka, mume wangu, nawe umeniona bila kuniambia. Limeniuma hilo, na mimi ni mkeo wa halali. Basi wafikirie wale wasiokuwa wake zako."

Thabit akasema kwamba akikiri, watu watamuua. Rayhana akasema huenda wakamuua. Akasema yeye naye anaogopa. Lakini siri ndiyo kamba aliyomshika nayo Amiri, na siku zote Amiri ataivuta, leo kwa Sheikh Zuhayr, kesho kwa mwingine. Akainuka, akaanza kufunga vyombo vyao katika shuka, kwa sababu chumba kile hakikuwa chao tena.

Ijumaa msikiti ulijaa. Amiri aliketi safu ya mbele na askari wake nyuma yake. Thabit aliadhini, akateremka, akaingia bila kitambaa na bila fimbo. Alipita katikati ya safu moja kwa moja, hakugusa bega la mtu. Wa kwanza kuona walinyamaza, na kimya kikaenda mbele pamoja naye hadi kwenye mimbari.

"Enyi waja wa Mwenyezi Mungu," akasema, "jicho langu la kulia linaona. Limekuwa likiona kwa miezi minne. Nimekula mkate wa wakfu bila haki, na nimewadanganya. Nilipanda nikiwa nimefunga macho, isipokuwa siku moja upepo uliponifungua, nikamtazama mke wangu. Naomba radhi ya kila nyumba."

Akasimama mtu mmoja, Hammad mtia rangi, ambaye ua wake uko chini kabisa ya mnara, naye ana mabinti watatu. Alikuwa mtu wa hasira anayejulikana, na mikono yake ilikuwa ya buluu hadi kwenye viwiko. Watu wakampisha. Wengi waliinamisha macho, maana walijua kitakachofuata.

"Ua wangu umeuona?" akauliza.

"Siku ile jicho lilipita juu ya paa lako. Uani sikuona mtu. Lakini ushahidi ni wangu peke yangu, na mimi ni mwongo wa miezi minne. Usiniamini."

Hammad akasogea hatua moja. "Kwa nini unasema leo?"

"Kwa sababu jana nimeamriwa nitazame ua wa mtu nikalete majina. Nilikuwa nimeshikwa kwa siri hii. Sasa sina siri, na sikutazama."

Hakumtaja aliyemwamuru, wala hapakuwa na haja. Watu mia nne walikuwa mle ndani, na hakuna aliyegeuza shingo kuelekea safu ya mbele. Hammad akaketi polepole.

Ndipo aliposimama mtu ambaye hakutarajiwa. Alikuwa Sheikh Najmu, mtetezi wa dola. Nyumba yake nayo ilikuwa chini ya mnara, na binti yake mjane, aliye katika eda, alikuwa akishinda uani. Alimwuliza Amiri kwa adabu: je, muadhini atakayefuata atakuwa kipofu, kama alivyoshurutisha Sitti Durra?

"Vilivyo vya msikiti viko chini ya dola," Amiri akajibu. "Hukumu hiyo umeitoa wewe, Sheikh, na uliitolea dalili nzuri sana. Nitaweka nimtakaye."

Sheikh Najmu alibaki amesimama kana kwamba amesahau namna ya kuketi. Mjadala ulimalizikia hapo. Hakuna aliyesema nani ameshinda, na Sheikh Najmu hakuzungumza tena katika baraza lolote mpaka alipofariki.

Kadhi alimwondoa Thabit katika kazi yake kwa mujibu wa sharti la wakfu, na alitoa hukumu ile huku akilia. Amiri akaamuru afungwe kwa kosa la kuudanganya msikiti. Askari walimtoa mbele ya watu wote, na mimi sitawapamba watu wa Rumana kwa jambo wasilolifanya: hakuna aliyeinua mkono. Waliogopa. Waliswali Ijumaa yao, na wengi hawakumbuki imamu alisoma sura gani.

Lakini Hammad mtia rangi alipofika nyumbani alitoa nguo kubwa za buluu zilizokuwa zikingoja wenyewe, akazifunga kwa kamba kutoka ukuta hadi ukuta, ua wote ukafunikwa. Jirani yake akaona, akatandaza majamvi. Nyumba ya tatu walitumia matandiko ya farasi. Mwanamke mmoja aliyekuwa hana kitu alishona magunia. Hakuna aliyepita akihimiza, na hakuna aliyesema kwa nini. Askari mwenye macho makali aliyetumwa kupanda mnara Alasiri ile alikuta mji mzima umefunikwa, buluu na kahawia na nyekundu, hata nyumba ya Sheikh Najmu, hata nyumba ya Sheikh Zuhayr. Akateremka akasema haoni ila nguo. Amiri alifikiria kuwakamata, lakini ilikuwa kiangazi, na hata yeye alishindwa kupata kosa katika mtu kujikinga na jua uani kwake.

Miezi kumi na mmoja Thabit alikaa gerezani, mpaka Bahram alipohamishiwa mji mwingine. Muda wote huo Rayhana alikuwa kwa Hammad, akilala na mabinti wale watatu na kufanya kazi ya kusuuza nguo. Thabit alipotoka, jicho lake likiwa bado linaona, alikwenda mlango kwa mlango kuomba radhi. Nyumba nyingi zilimsamehe. Nyingine hazikumfungulia, nazo zilikuwa na haki. Mnarani akawekwa kipofu mwingine, kijana kutoka vijijini, na Thabit hakuadhini tena maisha yake yote. Husemwa kwamba kila Adhuhuri aliacha kazi, akasimama penye mlango wa kiwanda cha rangi cha Hammad akiitikia adhana kimyakimya, na mkewe akamwacha bila kumsemesha mpaka amalize.

Nimewasimulieni kisa hiki kwa sababu tangu wiki iliyopita mmekuwa mkinishika kanzu kila swala inapokwisha, huyu akitaka niseme dini na serikali ni kitu kimoja, yule akitaka niseme kila moja na nyumba yake. Mimi ni mtu mdogo, na swali hilo limewashinda wakubwa. Ninachojua ni kwamba Sheikh Najmu alikuwa na hoja njema mpaka alipomkumbuka binti yake.

Na najua swali lililobaki vifuani mwenu, maana nami nilimwuliza mwalimu wangu. Mnataka kujua nani walikuwa uani kwa Sheikh Zuhayr Alhamisi ile, kama walikuwa waasi au wanafunzi, kama walikuwa na silaha au vitabu. Mwalimu wangu hakujua. Aliyemsimulia hakujua. Thabit bin Wardan alisimama juu yao, mwenye jicho zima, na shingo yake ikiwa imekufa kwa hofu, na aliingia kaburini bila kujua. Mwenyezi Mungu amrehemu, na azisitiri nyua zetu kama alivyousitiri ule.